Walisema Mama Amesahau Kuzima Jiko

Neno la kwanza lililonitoka nilipopigiwa simu kwamba mama ameungua lilikuwa hili: "Alisahau kuzima jiko?"

Sikuuliza ameungua wapi. Sikuuliza yuko na nani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kosa lake, kama mtu aliyekuwa amelisubiri muda mrefu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nyumbani kwangu Kambarage, Shinyanga mjini, nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Aliyepiga ni jirani wa mama kule Ushirombo, mama mmoja anayekaanga maandazi na sambusa barazani kwake. Nyumba yake na ya mama zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. "Mwalimu, kaa chini kwanza," alisema. "Mama kaungua na gesi, uso na mkono. Tumemfikisha kituo cha afya, anaongea vizuri." Nami nikasema hilo nililolisema. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Hakuwa amewasha bado, mwalimu. Ndiyo kwanza alikuwa anawasha."

Jibu lile lingetosha kunifungua macho. Halikunifungua. Nilikuwa tayari natafuta viatu na kumpigia mdogo wangu.

Mdogo wangu anafanya kazi migodini, upande wa Bugarama, kwa mkandarasi wa mitambo. Ndiye mwenye kipato kizuri katika familia yetu na ndiye aliyemnunulia mama jiko la gesi. Alipokea simu kukiwa na kelele za injini nyuma yake. Nilipomweleza, alisema, "Dada, si nilisema? Nilisema mama asikae peke yake. Umri umekwenda. Leo uso, kesho nyumba nzima." Nikamjibu, "Kweli." Nimeandika neno hilo hapa ili nisilikwepe. Nilisema kweli, na njia nzima kupitia Kahama nilikuwa napanga chumba gani cha nyumba yangu nitamweka mama, na kitanda cha nani kitahamishwa.

Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha wodi ya wanawake, miguu inaning'inia. Nyusi hazikuwepo. Nywele za mbele zilikuwa zimejikunja na kuwa za rangi ya kutu, shavu la kulia limevimba na kung'aa kwa dawa, na mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko. Alikuwa bado na gauni lake la kwendea misa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mayu." Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula.

Tabibu aliingia, kijana mwenye adabu, akasimama kati yangu na mama. Akaniuliza mimi: "Bibi ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na minane. "Anaishi na nani?" Peke yake. Akatikisa kichwa. "Huwa anasahausahau?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alisema kutoka nyuma yake, "Niulize mimi, baba. Kilichoungua ni mkono, si masikio."

Kijana aliomba radhi, akageuka, akamuuliza lile lile. Mama akamjibu kwamba hasahau. Akaeleza alivyotoka misa ya asubuhi, akawafungulia kuku, akaingia jikoni kuchemsha chai. Mlango na dirisha vilikuwa vimefungwa tangu jana yake jioni. Akawasha kiberiti kabla hajagusa kitufe cha jiko. "Hewa ikawaka," alisema. "Si jiko. Hewa." Kijana aliandika kitu kwenye karatasi. Baadaye, alipoiacha mezani, nilisoma alichoandika: ajali ya moto, mzee, uangalizi hafifu nyumbani.

Nataka nieleze mama yangu ni mtu gani mbele ya moto, maana siku zile kila aliyekuja kumwona alikuwa na maoni juu yake na moto.

Mama alizaliwa Ushetu, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku. Kabla hajaolewa na kuhamia Ushirombo, na hata baada ya kuolewa, kila msimu alirudi kwao kusaidia kukausha. Anayejua tumbaku anajua bani, kile chumba kirefu cha udongo ambamo majani hutundikwa na kukaushwa kwa moto unaopita chini. Moto wa bani haulali. Ukizidi, majani yanashika na jengo lote linaondoka. Ukipungua, majani yanaharibika na jasho la mwaka mzima linakwenda. Mama alilinda moto wa namna hiyo karibu juma zima kwa kila mkupuo, miaka na miaka, mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Alijua joto kwa kuweka kiganja ukutani. Hakuwahi kuunguza bani hata moja. Baba alipofariki, alibaki kwenye nyumba ile ile ya Ushirombo, akalima bustani yake, akafuga kuku wake, akapika kwa mafiga, kisha kwa mkaa, na katika maisha yake yote ya kupika sikumbuki akiungua zaidi ya kidole.

Huyu ndiye mtu tuliyekuwa tunasema hajui kuzima jiko.

Jiko la gesi lilikuja Pasaka ya mwaka jana. Mdogo wangu alilileta kwenye gari lake, likiwa ndani ya boksi, la kioo cheusi, lenye sehemu mbili za kuwashia. Mtungi aliununua kwenye duka moja pale Ushirombo mjini, na dukani wakampa fundi wa kulifunga. Sote tulikuwepo. Mimi nilishika simu nirekodi tukio zima kwa ajili ya kundi la familia. Video hiyo bado ninayo. Nilikuwa nimeitazama mara moja tu, siku ile ile, nikiangalia kama picha imetulia. Jioni ile ya Jumamosi, mama akiwa amelala wodini, niliitazama tena.

Fundi anaonekana akisukuma mpira wa gesi kwenye mdomo wa jiko kwa mkono. Anausukuma mara moja, anauzungusha kidogo, basi. Anafunga upande wa pili kwenye mtungi. Kazi yote haifiki muda wa kunywa kikombe cha chai. Anaeleza, na anapoeleza anamtazama mdogo wangu: "Hapa kwenye mtungi msiguse kabisa. Acheni wazi hivi hivi. Mnatumia hivi vya mbele tu." Mama anaonekana pembeni, kajifunga kitenge chake kipya cha sikukuu, anainama ili aone. Anauliza, "Sasa nikitaka kujua kama imezima kweli, najuaje?" Fundi anacheka. "Utasikia harufu, bibi." Mama anasema, "Pua yangu haisikii harufu tangu yale mafua makali. Hata samaki akioza sijui." Halafu kunasikika kicheko kirefu cha mwanamke, kikubwa kuliko sauti zote, na picha inatikisika.

Kicheko hicho ni changu. Nilicheka kwa sababu ya samaki.

Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi na ile simu mkononi, nikaanza kukumbuka mengine. Mwezi wa kwanza tu baada ya Pasaka, mama alimpigia mdogo wangu akamwambia gesi imekwisha. Mdogo wangu akanipigia akilalamika: mtu mmoja, mtungi mzima, mwezi haujaisha! Lazima anaacha jiko linawaka. Tukampigia mama wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, tukamhubiria. Mimi nilimwambia kwa ile sauti ninayotumia na watoto wa darasa la kwanza: "Mayu, ukimaliza kupika, angalia kitufe, halafu angalia tena." Akanijibu, "Nimepika mara chache sana, ng'wanone. Siku nyingine nimekula viazi vya jirani." Nikamwambia si kitu, binadamu husahau.

Mtungi wa pili nao ukaisha upesi. Akasema kichwa kinamuuma akikaa jikoni. Nikamwambia anywe maji, pengine ni presha. Akasema paka hataki tena kulala jikoni, na miaka yote amelala pale kwenye majivu ya joto. Hapo nilimcheka. Niliwasimulia hata walimu wenzangu ofisini kwamba mama yangu sasa anafuata ushauri wa paka.

Alilisema jambo lile kwa kila njia aliyokuwa nayo. Pua haikuweza kumsaidia, basi akatumia kichwa kinachouma, akatumia mtungi, akatumia mnyama. Sisi watoto wake, wawili tuliosoma, tulisikia kitu kimoja tu: uzee.

Jumapili asubuhi nilikwenda nyumbani kwake kuchukua nguo. Jirani wa maandazi alikuwa ananisubiri mlangoni. Siku ya ajali yeye ndiye aliyeingia, akafunga gesi kwenye mtungi na kumfunika mama mkono kwa kanga iliyolowa maji safi. Aliniambia, "Mwalimu, usiguse kitu. Nataka uone kwa macho yako."

Jikoni palinuka nywele zilizoungua. Pazia la dirisha lilikuwa limebaki kamba tu. Bati la nyumba ile halikukaa vizuri juu ya kuta, kuna nafasi ya kupitisha mkono, na kila mwaka nilikuwa namwambia mama tuzibe. Jirani alinionyesha nafasi hiyo kwa kidole. "Hii ndiyo imemwokoa," alisema. "Moto ulipolipuka ulipata pa kutokea."

Akachukua kikombe, akakoroga sabuni ya unga na maji hadi povu likawa zito. Tukautoa mtungi na jiko hadi uani, mbali na moto wowote. Akapaka lile povu kwenye mpira kwa vidole, kuanzia kwenye mtungi, polepole, mpaka mwisho wake kwenye jiko. Kisha akafungua gesi kidogo sana. Vitufe vyote vya jiko vilikuwa vimezimwa, nilivikagua mwenyewe mara mbili.

Pale mpira ulipoingia kwenye jiko, povu likaanza kuvimba. Mapovu makubwa, moja linapasuka jingine linazaliwa, kama jicho la uji unaochemka. Jirani akafunga gesi.

"Hapa panatakiwa kibano cha chuma," alisema. "Kinakazwa kwa bisibisi. Changu kipo, njoo ukione. Huu wa mama umechomekwa tu. Na tazama hapa chini." Akapindua mpira. Ulikuwa umepitishwa chini ya jiko lenyewe, pale joto linaposhukia, na sehemu hiyo ilikuwa imekauka na kupasuka vistari vyembamba. "Tangu siku ya kwanza gesi inatoka, mwalimu. Mchana inatoka, akilala inatoka. Waliomfungia walimwambia asiguse mtungi, naye ni mtu wa kusikia, hakugusa."

Nilichuchumaa pale uani. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo, na haikuwa na pa kwenda, kwa sababu kila nilipomtafuta wa kumkasirikia nilijikuta na mimi nimo kwenye foleni.

Mdogo wangu alifika saa nane mchana. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado kavaa buti zake zenye chuma mbele na fulana ya manjano inayong'aa. Alikuja na baba yetu mdogo, aliyempitia Kahama, na walikuwa wamekwisha kubaliana njiani. Mama, ambaye alikuwa ameruhusiwa mchana ule, aliketi kwenye kiti chake sebuleni, mkono kauweka juu ya mto. Baba mdogo alianza kwa kumpa pole, kisha akaeleza kwamba watoto wanampenda, kwamba kila kitu kina wakati wake, na kwamba nyumba itapangishwa na yeye atahamia Shinyanga kwangu. Aliongea kwa upole sana. Nilimtazama mama. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la mtu mwingine.

Nikasema, "Baba, ngoja kidogo." Nikamwita mdogo wangu nje.

Nilimwonyesha mpira. Sikumweleza kitu. Nilipaka povu kama nilivyoonyeshwa, nikafungua gesi kidogo, nikamwacha aangalie.

Niseme jambo kuhusu kazi yake. Kule mgodini kila asubuhi kabla ya zamu husimama kwenye duara na kuzungumzia usalama. Mtu haingii bila kofia ngumu. Mpira wa mtambo ukikutwa hauna kibano, mtambo unasimama, fomu inajazwa, na aliyeufunga anaitwa kujieleza. Yeye mwenyewe amewahi kunisimulia kwa fahari alivyomsimamisha mtu kazi kwa sababu ya boliti moja.

Alitazama mapovu muda mrefu. Akafunga gesi. Akapitisha kidole kwenye ile mipasuko.

"Kazini ningesimamisha kazi," alisema.

"Na hapa?"

Aliuchomoa mpira, kwanza kwenye jiko, kisha kwenye mtungi.

"Siku ile ulikuwa umesimama karibu kuliko mimi," nikamwambia. "Ulimwangalia akichomeka kwa mkono. Kwa mitambo ya watu una macho. Kwa jiko la mama yako ulikuwa na macho gani?"

"Na wewe ulikuwa unacheka, dada."

"Nilikuwa nacheka. Nimesikia kwenye video. Twende tukamwambie wote wawili."

Tuliingia. Mdogo wangu alipiga goti mbele ya kiti cha mama akiwa na ule mpira mkononi, akaeleza: haukuwa umefungwa, gesi ilikuwa inatoka siku zote, mitungi iliisha kwa sababu hiyo. Nilidhani mama atasema hakuna neno, kama anavyosema kwa kila kitu. Hakusema. Aliuchukua mpira kwa mkono mzima, akautazama kwa karibu.

"Nilikwambia gesi inaisha," alimwambia. "Ukasema nasahau. Nikaanza kujiogopa. Nilikuwa naamka naenda kushika vile vitufe, narudi kulala, naamka tena. Nikadhani akili inaniacha. Mmenifanya nijiogope kwenye nyumba yangu."

Baba mdogo aliangalia sakafu. Habari ya kuhama haikutajwa tena siku ile.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikabaki. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kwenye lile duka, mpira ukiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwenye duka alikuwa mtu mzima wa makamo, mchangamfu. Nilimweleza. Alisikiliza hadi niliposema umri wa mama, hapo akainua mkono. "Aah, sasa hapo. Mimi huwa nawaambia watu, wazee waachieni mkaa wao. Gesi inataka mtu mwenye kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini?" nikamuuliza. "Jiko lilikuwa limezimwa. Mpira ndio haukukazwa, na aliyeufunga ni mtu wako."

"Kibano anauziwa anayekihitaji. Hakuulizia."

"Nani anajua kuulizia kitu ambacho hajawahi kukiona?"

Alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. Palikuwa na kopo la plastiki, lililokuwa na maziwa zamani, limejaa vibano vya chuma hadi juu. Vilikuwa pale muda wote, hatua moja kutoka mahali fundi wake anapochukulia mipira. Mdogo wangu, ambaye si mtu wa kupaza sauti, alipaza sauti. Alimuuliza huyo fundi alijifunza wapi. Mwenye duka akasema ni kijana anayejituma. Mdogo wangu akamuuliza kwa nini fundi huyo alimwambia mama asifunge gesi kwenye mtungi kamwe. Akasema hilo ni kwa sababu wazee hukaza sana na kuharibu.

Nyuma yetu palikuwa na mzee mmoja aliyekuja na mtungi wake mtupu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kaufunga kwa mpira wa tairi. Alikuwa ametulia anasubiri zamu yake. Akasogea, akatazama lile kopo. "Hivyo vidude," alisema, "mimi kwangu havipo. Nimefungiwa hapa hapa. Mke wangu anasema anasikia harufu, na mimi namwambia ni jirani." Akamgeukia mwenye duka. "Kwa hiyo ni kwangu?"

Hakuna aliyecheka. Mwenye duka akachukua kibano kimoja kutoka kwenye kopo, akampa mzee. Akachukua kingine, akamsukumia mdogo wangu. Nikamwambia sitaki chake, nataka fundi wake apite kila nyumba aliyofunga. Akasema atamwambia. Kwa namna alivyosema, nilijua hatamwambia. Nilikwenda ofisi ya kata nikaandika malalamiko, yakapokelewa na kugongwa muhuri. Nimekwenda kuyaulizia tena mara mbili. Mara zote mbili faili lilikuwa kwa mtu ambaye hayupo.

Lakini mzee wa baiskeli hakungoja ofisi. Alimfuata jirani wa maandazi siku ile ile, maana nilikuwa nimemtaja pale dukani. Jirani akaenda na kikombe chake cha povu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wazee kadhaa walimsimamisha nje ya kanisa kumuuliza, na mchana ule tukatembea naye nyumba kwa nyumba, yeye na kikombe, mimi na bisibisi. Sitasema tulikuta nini kila mahali. Nyumba moja, bibi mmoja mjane alitukaribisha kwa furaha, na alipoona mapovu yanavimba kwenye mpira wake, alikaa kitako kwenye kizingiti na kusema, "Mwanangu alininyang'anya kiberiti kwa ajili ya hili." Kumbe alikuwa akipikiwa na jirani mwezi mzima, kwa adhabu, kwa kosa lisilo lake.

Mama alipika kwa mkaa mpaka mkono ukapona. Kovu limebaki, limenyooka na kung'aa kama ngozi ya ngoma, na vidole viwili havikunji vizuri. Nyusi ziliota nyeupe. Sisi hatukumwambia arudie gesi. Siku moja alimpigia mdogo wangu mwenyewe na kumwambia alete mpira mpya, kibano, na mtu anayejua, na kwamba safari hii mtu huyo afundishe, asifunge.

Nilikuwepo. Fundi alikuwa fundi mitambo anayefanya kazi na mdogo wangu, mtu mzima mpole. Alikaa kwenye kigoda, mikono kaikunja, na mama akafunga kila kitu mwenyewe huku akiuliza. Meza ya jiko aliiweka chini ya dirisha na mtungi pembeni, mpira ukipita mbali na moto. Vitufe alivipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha aliyoomba kwa binti wa jirani, ili aone kwa mbali kama vimezima, maana yale maandishi ya kiwandani ni madogo na si ya lugha yake. Akajifunza kufungua gesi kwenye mtungi anapotaka kupika na kuifunga anapomaliza. Kuhusu pua, aliamua yeye: kila asubuhi jirani akileta maandazi huingia jikoni kwanza na kunusa, dirisha likiwa wazi, kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Povu hupaka mwenyewe kila akibadilisha mtungi. Mtungi mmoja sasa unakaa naye miezi. Alipomaliza kukaza kibano siku ile, yule fundi alikivuta kuona kama kitatoka, hakikutoka. Mama akamshukuru, "Wabeja," akaenda kuosha mikono.

Mimi nilirudi Kambarage, kwenye madaftari yangu. Hasira haijaisha, na sijitahidi kuimaliza. Kila nikisikia mtu anasema mzee fulani anaunguza sufuria au anasahau pasi kwenye umeme, nauliza maswali mengi kuliko heshima inavyoruhusu. Majuzi mwalimu mwenzangu alikuwa anatusimulia ofisini kuhusu baba yake aliyeko Geita, kwamba jagi lake la umeme limempiga shoti mara ya pili, na kwamba mzee sasa ni mtoto, hata kuchomeka waya hawezi, watamhamisha mwezi ujao. Watu wakasikitika. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kulishika lile jagi. Akasema hapana. Nikamuuliza nani alifunga soketi ya jikoni kwa baba yake, na kama iko karibu na maji. Akasema hajui, na kwamba hilo silo alilokuwa anazungumzia. Nikamwambia ndilo.

Alinuna. Tulikunywa chai kila mtu na upande wake. Ijumaa aliomba ruhusa akaenda Geita. Amesharudi, na habari ya kumhamisha mzee sijaisikia tena. Alichokikuta huko hajaniambia, na mimi sijamuuliza.